Joto Lisilotarajiwa

Rasharasha ilikuwa imekatika muda si mrefu na baridi ilikuwa ya kukunja mabega, ndiyo maana wote walikuwa wamejibana upande mmoja, kwenye gari la Mzee Sponji. Gari lilikuwa pale pale linapoegeshwa siku zote, pua yake imegusa kibaraza cha duka la magodoro, na juu ya boneti vilikuwa vimepangwa vikombe vya kahawa. Huo ulikuwa mtindo wa kijiwe tangu gari linunuliwe. Shangazi, mwenye birika, akishamimina, kila mtu anakiweka kikombe chake juu ya boneti, anabishana mpaka achoke, na akikirudia anakikuta bado cha moto. Shangazi alisema hajawahi kuona gari lenye huruma namna hiyo.

Mzee Sponji mwenyewe siku hiyo alikuwa ndani ya suti. Watu walizoea kumwona na chembe za sponji zimeng'ang'ania nywele kama mtu aliyelala kiwandani, lakini leo alikuwa amenyolewa, amepakwa mafuta, na leso mpya imechungulia mfukoni. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wake wa kwanza, na mchana huo wangeruhusiwa kutoka hospitali. Gari lenyewe alikuwa amelinunua kwa ajili ya siku hii. Hakutaka hata kufikiria mjukuu wake aingie nyumbani kwa mara ya kwanza ndani ya pikapu ya yule babu mwingine, baba wa mume wa binti yake, ambaye husafirisha vitunguu na kijiweni anaitwa Mzee Vitunguu. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameshatandika kipande cha sponji laini, amekikata kwa mkono wake.

"Kimya kidogo, kimya!" alisema Redio. Huyu alikuwa karani, akastaafu, akabaki na simu na sauti. "Habari imeingia sasa hivi. 'Kampuni ya magari yawaita wateja wake warudishe magari, kufuatia matukio ya joto lisilotarajiwa katika eneo la injini.'"

"Joto lisilotarajiwa ndiyo kitu gani?" aliuliza Hakimu, kinyozi wa jirani, ambaye hakuna jambo duniani hajawahi kulitolea hukumu.

"Moto."

"Sasa si waseme moto!"

"Wakisema moto watashtakiwa. Nani amewahi kushtakiwa kwa joto?"

"Lo! Basi na mimi nimejifunza," alisema Hakimu. "Kesho nikimkata mteja sikio, namwambia samahani bwana, limetokea tukio la upungufu usiotarajiwa katika eneo la kichwa."

Wakacheka. Mzee Sponji naye akacheka, tena akacheka kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa yalikuwa magari ya watu wengine.

"Ngojeni bado," alisema Redio. "'Hitilafu iko kwenye pampu ya breki, ambayo huendelea kupokea umeme hata gari likiwa limezimwa. Wamiliki wanashauriwa kuegesha magari yao mbali na majengo, na wasiyaendeshe kabisa mpaka yatakapofikishwa kwenye karakana zetu.'"

"Wasiyaendeshe," alirudia Hakimu polepole.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Lakini wayafikishe karakana."

"Ndiyo."

"Kwa kubeba kichwani? Au watapewa na kata ya kujitwishia?"

"Hao ni wasomi," alisema Fundi Nusu, fundi magari wa mtaa, akiwa amelala nusu juu ya benchi, nusu nje. Jina alikuwa amelipata kihalali. Hapakuwa na gari mtaani ambalo hajalifungua, wala ambalo alilifunga lote. "Wanatengeneza pampu kwa kompyuta, halafu wanashangaa inawaka. Wangekuja kuniuliza mimi."

"Wakuulize wewe, gari liwake na tairi zake?" alisema Hakimu.

Redio akaigeuza simu ili waone picha. Wakaona gari jeupe lenye taa zilizolegea kama macho ya mtu mwenye usingizi. Wakaitazama picha. Wakaligeukia gari lililokuwa mbele yao, lililobeba vikombe vyao. Lilikuwa jeupe, na macho yake yalikuwa na usingizi ule ule.

"Mzee Sponji," alisema Redio kwa upole ambao haukuwa wake, "hawa si pacha?"

"Acha mchezo."

"Mimi sijasema kitu. Picha ndiyo imesema."

"Hayo ni ya huko kwao," alisema Mzee Sponji, akiiweka sawa leso yake. "Hili langu limeshazoea huku. Limelala hapa mvua na jua, umewahi kusikia limekohoa?"

"Ati limezoea! Gari ni mwanafunzi wa bweni?" alisema Hakimu.

"Tena limepita mikononi mwangu," alisema Fundi Nusu.

"Hicho ndicho tunachokiogopa."

Mzee Sponji alihisi masikio yakimwaka. Miezi yote hiyo walikuwa wakiliegemea gari lake, wakilisifu, wakiliwekea vikombe, na leo walikuwa wakilichekea usoni kama ng'ombe aliyekataliwa mnadani. Akaichukua simu ya Redio, akaibonyeza namba ya huduma kwa wateja iliyokuwa chini ya habari, na akaweka sauti ya wazi ili aibu iwe yao. Ulipigwa muziki mrefu, kisha akapokea binti mwenye sauti tamu, akaomba asomewe namba ya chesisi, na Mzee Sponji akaisoma kwenye kadi ya gari.

"Asante sana kwa kusubiri, mzee," alisema binti hatimaye. "Gari hilo liliuzwa kwa mteja wetu ng'ambo. Kwa mujibu wa mfumo, huyo mteja alishaarifiwa na akajibu kwamba hana tena gari hilo. Kwa hiyo faili lake limefungwa."

"Sawa, binti yangu. Kwa hiyo langu ni zima?"

"Kwa mujibu wa mfumo, mzee, gari hilo halipo."

"Halipo vipi? Nimeliegemea!"

"Nakuelewa, mzee. Lakini halipo. Je, kuna huduma nyingine unayohitaji?"

Kijiwe kizima kililia kwa kicheko. Redio alishika mbavu. Shangazi alilazimika kuweka birika chini. Mzee Sponji pekee alirudisha simu akiwa ametulia, tena ameridhika.

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema. "Tangazo halinihusu."

"Kweli kabisa," alisema Hakimu. "Huwezi kuungua na gari ambalo halipo. Ukifa, watasema ni homa."

Baada ya kusema hivyo akachukua kikombe chake kutoka kwenye boneti, akapiga funda moja la ushindi, kisha akaruka, akatema yote chini, ulimi nje.

"Shangazi! Unataka kuniua?"

"Mimi tena? Kahawa hiyo nimekumiminia kabla Redio hajaanza kusoma."

"Inachemka!"

"Basi si huwa unasema unaipenda ya moto?"

Hakimu alijifuta mdomo. Alikitazama kikombe. Akaitazama boneti. "Mzee Sponji," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hapakuwa na dhihaka katika sauti yake, "gari hili leo umeliendesha kwenda wapi?"

"Sijaenda popote. Limelala hapa tangu jana jioni. Naliwasha mchana kwenda hospitali."

Jua halikuwa limetoka. Redio alinyoosha mkono, akagusa boneti kwa kidole, akaurudisha mkono haraka akaupuliza. Halafu mmoja mmoja, bila kuambizana, wakaanza kuondoa vikombe vyao.

Walipofungua boneti, joto liliwapiga usoni, na harufu ya plastiki iliyoiva ikafuata. Fundi Nusu aliinama, akachungulia, akainuka akiwa na sura ya mtu aliyekutana na anayemdai.

"Hapa pana fyuzi," alisema. "Yaani palikuwa na fyuzi."

"Imekwenda wapi?"

"Si unakumbuka, mzee, ilikuwa inakatika kila wiki ukaja kunilalamikia? Nikaitoa, nikaweka waya. Je, imekatika tena?"

"Fyuzi kazi yake si kukatika?" aliuliza Redio.

"Mteja akikulalamikia kinakatika, unampa kisichokatika. Huo ndio ufundi."

"Na hii betri kubwa kama sanduku la bibi harusi?"

"Ile ya kwanza ilikuwa inaishiwa nguvu usiku, sijui ilikuwa inaliwa na nini. Nikamwekea ya lori."

Hakimu alivua kofia yake. "Jamani, tumheshimu huyu mtu. Kampuni ilitengeneza moto nusu, ikashindwa. Yeye akaumalizia. Tangu nimjue, hii ndiyo kazi yake ya kwanza kuimaliza."

Wakacheka tena, lakini Mzee Sponji hakucheka. Alikuwa anatazama duka lake, magodoro yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, na pua ya gari imelala kwenye kibaraza kama mbwa mlangoni. Kisha akatazama kiti cha nyuma, kile kipande cha sponji alichokikata kwa mkono wake, kikisubiri mtoto ambaye hata jina bado hajapewa. Aliogopa. Na zaidi ya kuogopa alijichukia, kwa sababu kama Hakimu asingeungua ulimi, yeye angeliwasha gari hilo mchana huku anapunga mkono dirishani.

"Toa betri," alisema. "Na mnisaidie kusukuma. Lisikae hapa hata dakika."

Fundi Nusu akaunyofoa waya wa betri. Wakalisukuma gari kuvuka barabara mpaka katikati ya kiwanja kitupu, Hakimu akiwa mbele kuongoza na kutukana kampuni, fundi, mtu aliyegundua gurudumu, na yeyote aliyepita bila kusaidia. Mzee Sponji akajitenga pembeni, akatoa simu yake. Akampigia Mzee Vitunguu.

"Mzazi mwenzangu, hujambo? Nilikuwa naomba... hiyo pikapu yako... mchana wa leo."

"Ebo! Si ulisema mjukuu haendi kunuka vitunguu? Gari lako limepatwa na nini?"

Mzee Sponji akafumba macho. "Limepata joto lisilotarajiwa."

"Pole sana, pole. Nakuja," alisema Mzee Vitunguu, na furaha yake ilisikika mpaka kwa Redio. "Ila mbele kuna nafasi ya dereva, mama na mtoto. Wewe utanisaidia kushikilia magunia nyuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchana Mzee Sponji alirudi kutoka hospitali akiwa nyuma ya pikapu, kwenye suti yake, amekumbatia gunia la vitunguu, leso mpya imeloa. Akajisemea ni vitunguu. Kupitia kioo kidogo cha nyuma aliweza kuona kofia ya mtoto begani kwa mama yake, si kubwa kuliko ngumi, na kila barabara ilipokuwa na shimo Mzee Vitunguu alikuwa akipunguza mwendo mpaka wenye baiskeli wanawapita. Huyu mtu, alifikiri Mzee Sponji, si mbaya hata kidogo. Nilikuwa namsema bure.

Pikapu ikakata kona ya mtaa wao, naye akainua shingo kutazama duka lake. Duka lilikuwa salama. Lakini kibarazani hapakuwa na mtu, wala benchi. Akageuza kichwa upande wa pili.

Kijiwe kilikuwa kimehamia kiwanjani. Mabenchi yalikuwa yamevushwa barabara, yote mawili, na jamaa walikuwa wamelizunguka gari lake kama kawaida, viwiko vimeegemea, vikombe vimepangwa mstari juu ya boneti. Mzee Sponji akagonga paa la pikapu kwa ngumi mpaka ikasimama.

"Nyie! Betri nani kairudisha?"

"Ah, karibu babu!" alisema Fundi Nusu. "Ni kidogo tu, mzee. Kahawa ya kwanza ilipoa upesi."

"Mna wazimu?"

"Tumepiga kura," alisema Hakimu. "Mimi mwenye ulimi ulioungua nimekubali, wewe nani ukatae?"

"Na tuko mbali na majengo," alisema Redio, "kama kampuni ilivyoshauri."

"Tena leo limepania," alisema Hakimu, akinyoosha mkono kuonyesha mvuke uliokuwa ukipanda taratibu katikati ya vikombe. "Hebu tazama kahawa inavyofuka."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao na birika lake mkononi. Alitazama vikombe. Akalitazama birika.

"Lakini mimi," alisema, "bado sijamimina."

Hakuna aliyewahi kukiona kijiwe kile kikiondoka kwa umoja namna hiyo. Redio alitangulia, yeye ambaye kila siku hulalamika goti. Hakimu akaruka benchi. Fundi Nusu, aliyekuwa na kiatu kimoja mguuni na kimoja chini ya gari, alikimbia na nusu yake. Shangazi aliondoka akitembea, birika limenyooka, akitukana ukoo mzima wa wanaume. Moshi ukawa mweusi, kisha boneti ikainuka yenyewe kama mdomo wa mtu anayetaka kusema, na moto ukatoka.

Mzee Vitunguu alichomoa kichwa dirishani. "Mzazi mwenzangu! Lile linaloungua si gari lako?"

Mzee Sponji aliitazama ile kofia ndogo kupitia kioo. Mtoto alikuwa amelala.

"Halipo," alisema. "Wenyewe wamesema halipo. Twende, mtoto asije akavuta moshi."