Gari la Viti Viwili na Injini Mgongoni

Jumatatu, 1 Agosti 1977. Kambarage, Shinyanga.

Nimerudi kutoka kwa Mama Limi. Nina habari njema na habari mbaya. Naomba radhi kuziandika pamoja. Habari njema: binti yake, Limi, amejifungua mtoto wa kiume huko Kahama, na ubatizo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama Limi (katika shajara hii pekee nathubutu kumwita Klara) anatafuta usafiri. Habari mbaya: alipolitamka neno usafiri, Gregory naye alikuwa amekaa pale pale, akitafuna karanga. Gregory ni karani mstaafu wa reli, mjane kama mimi, na ana gari, Pijo. Mimi nina baiskeli.

Habari mbaya zaidi: Paskalia. Ni wifi yake Klara, dada wa marehemu mumewe. Tangu mazishi hajapata kumwacha Klara peke yake na mwanamume yeyote, hata padre. Nikienda kuzungumza, yeye huketi katikati yetu akipepeta mchele. Huu ni mwaka wa pili namposa Klara kwa kupitia juu ya ungo.

Nikasema nitampeleka mimi. Kwa gari. Klara akauliza, kwa upole wake, ni gari gani. Nikamwambia atastaajabu. Hapo nilikuwa mkweli, maana hata mimi nilikuwa nimestaajabu.

Jumatano, 3 Agosti.

Limepatikana! Lipo uani kwa Nassibu, mfanyabiashara wa karibu na soko. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akipima miamba upande wa Geita, ambaye amerudi kwao ghafla. Ni gari dogo jekundu la mashindano. Paa lake linanifika kiunoni. Injini yake haiko mbele kama ya magari yenye adabu, wala haiko nyuma kabisa. Iko katikati, mgongoni mwa dereva, imetenganishwa naye na ukuta mwembamba wa bati.

Nikauliza viti ni vingapi. Viwili. Nikauliza tena. Viwili, Mwalimu. Na nyuma ya viti? Injini. Na nyuma ya injini? Kisanduku cha mizigo, kinachotosha kuku watatu wasiogombana.

Basi Paskalia atakaa wapi? Nimezunguka gari lote nikimtafutia nafasi, kwa haki kabisa. Sikuiona. Nimesikitika sana. Nimelala nikicheka.

Ijumaa, 5 Agosti.

Sijui magari. Misheni tulifundishwa Kilatini na useremala, na Bruda mmoja akanifundisha kuendesha lori la mchanga, ila hakuna aliyetueleza namna ya kununua. Anayejua hapa mjini ni Gregory. Ni mtihani mkubwa kwa muungwana kumwomba mpinzani wake silaha. Nilikwenda. Nilisema nina rafiki huko Geita anayetaka kununua gari la namna hii.

Lazima niandike kwamba Gregory alinieleza vizuri mno. Alisema rafiki yangu alale chini ya gari atazame kutu, hasa pale maji yanapotuama. Atazame tairi za nyuma. Zikiwa zimelika upande wa ndani, mhimili umepinda. Aguse ukuta ulio nyuma ya kiti baada ya mwendo. Joto likizidi, mgongo utaiva. Akate kona kwa kasi, aone kama mkia unataka kutangulia. Na juu ya yote, mabomba ya maji: rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na maji hutembea chini ya sakafu gari zima kwenda na kurudi. Mabomba hayo yakiziba au yakitoboka, gari hilo ni jiko.

Kisha akauliza viti ni vingapi. Nikasema viwili. Akaacha kutafuna karanga. Akaniuliza kama rafiki yangu ni mtu wa kuposa. Nikasema labda.

"Mwambie anunue upesi," akasema Gregory.

Ukarimu wa mtu huyu umenitia aibu kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 7 Agosti.

Baada ya misa nilikwenda kwa Nassibu kukagua, nikiwa bado na suti. Nililala chini ya gari. Kutu ipo, ila ya heshima. Tairi zimelika upande wa ndani, lakini zote kwa usawa, jambo lililonipendeza. Nikaendesha kuzunguka soko mara mbili. Kwenye kona mkia ulitaka kutangulia, ulitangulia, mama mmoja muuza dagaa akanisamehe. Mgongo ulipata joto, si baya kwa mtu wa umri wangu. Mabomba sikuyaona, kwa kuwa yako chini na suti yangu ilikwisha kuchafuka upande mmoja. Nikayahesabu kuwa mazima.

Ndipo nikaanza ujanja wa bei. Nikafungua boneti ya mbele. Ndani: rejeta na tairi la akiba. Nikashika kichwa. Nikamwambia Nassibu, kwa masikitiko, kwamba siwezi kutoa majike yangu mawili ya ng'ombe, bei aliyoitaja, kwa gari lisilo na injini.

Nassibu alitazama. Akashika kifua. Akaita jirani zake waje waone wizi. Watu walipojaa, akaniamkia upya mbele yao.

"Shikamoo, Mwalimu. Sasa hivi umezunguka nalo soko mara mbili. Injini yangu umeishusha wapi?"

Nimetoa ng'ombe wote wawili, na nimeongeza jokofu la mafuta ya taa. Lilikuwa la marehemu mke wangu, Nyamizi, Mungu amrehemu na asitazame huku kwa sasa. Nassibu amesema amekubali kwa heshima tu, kwa kuwa hataki kuingia Ramadhani na gari hilo uani mwake.

Alhamisi, 11 Agosti.

Nimempelekea Klara habari. Nilieleza gari, rangi yake na mwendo wake. Nikasema, nikiwa nimeinamisha kichwa, kwamba kwa bahati mbaya sana lina nafasi ya abiria mmoja. Paskalia akaacha kupepeta. Klara akasema tutaona Jumamosi.

Tutaona! Mwanamke asiyetaka husema hapana. Nimeandaa maneno yangu. Nitayatamka baada ya Tinde, barabara inaponyooka. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya mbuzi wa jirani.

Jumapili, 14 Agosti. Kahama.

Nasikitika kuandika haya.

Jana alfajiri nilifika kwa Klara na ua kwenye koti. Alitoka amependeza kuliko ninavyoruhusiwa kueleza. Pijo la Gregory nalo lilikuwa mlangoni, limejaa dada zake wawili, mikungu ya ndizi na mbuzi. Nikatabasamu kwa huruma. Nikafungua mlango wangu mwekundu.

Klara akamshika Paskalia mkono, akamwingiza.

Akanieleza kwa upole ambao bado unaniuma. Bibi wa mtoto hawezi kutangulia mbele ya wifi yake; shangazi upande wa marehemu ndiye mgeni mkubwa wa ubatizo, na kiti kizuri ni chake. Yeye Klara angebanana nyuma kwa Gregory pamoja na wale dada. Alinishukuru sana. Alisema hakudhani kuna mwanamume angenunua gari zima kwa ajili ya Paskalia.

Gregory alinipa karanga.

Paskalia aliketi na ungo mapajani na kibuyu cha togwa miguuni. Nitasema kweli: hakunung'unika hata mara moja. Alisema joto la ule ukuta limeuponya mgongo wake kuliko dawa zote za zahanati. Tulipopita Tinde, barabara iliponyooka, maneno yangu yalinijia yote, kwa mpangilio mzuri, na kando yangu hapakuwa na wa kuambiwa.

Mbele kidogo gari likaanza kutoa moshi. Mabomba. Maji yote yalikuwa yamekwisha njiani kati ya rejeta na injini. Hapakuwa na kisima wala nyumba. Nilimwomba Paskalia radhi, nikamimina togwa kwenye rejeta. Likaenda. Kwa mwendo huo tuliingia Kahama tukinukia uji wa mtama, sisi wawili peke yetu ndani ya gari jekundu, saa nzima baada ya wengine wote, yeye akipunga ungo nje ya dirisha kwa ajili ya joto.

Vigelegele! Ukoo mzima ulikuwa barabarani. Nilidhani ni kwa ajili ya mtoto. Wazee wa upande wa marehemu wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Kwao, mwanamume mzima, mjane, akimleta dada yao peke yake tangu Shinyanga katika gari ambalo mtu wa tatu hawezi kuingia, haihitaji kueleza zaidi. Wamesema ni namna ya kisasa, lakini wameielewa.

Klara alikuja wa mwisho, mtoto mkononi, macho yamemjaa machozi ya furaha.

"Karibu ukooni, shemeji," akasema.

Tangu nimjue amekuwa akiniita Mwalimu.

Jumatatu, 15 Agosti. Shinyanga.

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nimerudi juu ya lori la mpunga, na gari likiwa limefungwa kamba nyuma ya mpunga. Togwa imeganda ndani ya injini. Ukigonga bomba, linatoa sauti ya chungu kilichojaa. Ungo wa Paskalia umebaki kwenye kiti. Ametuma salamu kwamba ataufuata mwenyewe. Kaka zake wameuliza nitaleta lini wazee wangu. Gregory amepita kunijulia hali, na akaniuliza kwa upole yule rafiki yangu wa Geita anaendeleaje.

Usiku kucha nimetafakari kosa langu, na nimeliona. Niliamini mabomba bila kuyatazama.

Kwa hiyo leo jioni nimekwenda kwa Nassibu, ambaye anaanza kufunga Ramadhani kesho na anataka ua wake uwe mweupe. Ana pikipiki kubwa yenye kigari cha ubavuni. Haina rejeta, inapozwa na upepo. Safari hii sikufanya haraka. Nimelala chini yake pande zote mbili. Nimekagua mnyororo, breki na magurudumu matatu. Na kigari kile kina kiti kimoja tu, chembamba, cha mtu mwenye umbo la Klara. Nilikuwa nimebeba ungo wa Paskalia kwa makusudi hayo. Nimeupima. Hauingii!

Tumekubaliana. Kuna pia kiti kirefu cha ngozi nyuma ya dereva, na mahali pa mtu kuweka miguu. Cha mizigo, nadhani.