Mzungushaji Mkuu wa Redio ya Bwiza

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya ofisi, natangaza kwamba sisi wa mtaa wa Bwiza tumeshachagua redio ya dharura. Kazi hiyo ilichukua miezi saba tu. Wenye haraka wanasema ni mingi. Wenye haraka hawajui ofisi.

Mimi ni Bibi Sijaona. Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini katika kamati ya kuchagua redio niliandikwa "mwakilishi wa akina mama na wavumilivu". Kiti changu kiliwekwa karibu na mlango, ili nikitumwa chai nisisumbue mkutano.

Ulikuwa mwaka wa ambargo, majirani wametufungia mipaka ya biashara. Mabuye ya redio, yaani betri, hayakupatikana. Yale ya zamani tuliyaanika juani pamoja na ndagala, dagaa wa ziwani, redio ikasema maneno mawili na kukata roho. Na bila redio, utajuaje kama barabara ya Musaga iko wazi? Binti yangu Fadhila alikwenda huko kila asubuhi kuuza maandazi. Redio ikisema risasi zinalia, anabaki. Isiposema kitu, anajitwika beseni na kwenda.

Basi Jaffar, mwenye duka la vitambaa, akatoa sadaka. Alileta ofisini redio tatu zilizopenya ambargo kutoka Kigoma, akasema mtaa uchague moja. Ya kwanza nyekundu, kubwa kama sanduku la bibi harusi, inakula mabuye manane. Ya pili ilitaka umeme, na umeme wenyewe ulikuja kwetu kama mgeni, kwa saa anazotaka. Ya tatu kijani, ndogo, ina mkono ubavuni: unazungusha mara sitini, inaongea nusu saa.

"Hii ya mukono," nikasema.

Shefu Gélase, mkuu wa ofisi yetu, aliniangalia kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Apana, Bibi. Kuchagua ni utaalamu. Kwanza tuchague namna ya kuchagua."

Hilo lilitupeleka hadi Ramadhani. Ile nyekundu ilipendwa sana na ofisi: ni kubwa, inakula sana, na haisemi kitu. Lakini karani Adrien alipima antena kwa rula, ya kijani ikashinda kwa sentimita mbili. Hivyo ndivyo utaalamu ulivyofika pale nilipokuwa nimekaa.

Shefu akaifungia kabatini, akatoa utaratibu. Anayetaka kusikiliza alete barua yenye kashe, muhuri wa ofisi, siku tatu kabla ya dharura.

"Shefu," Adrien akauliza kwa adabu, "na kama dharura imekuja bila barua?"

"Basi haikufuata njia. Si dharura halali."

Likabaki swali la nani atazungusha. Shefu hazungushi, ana cheo. Mkono wa karani ni wa kashe. Wangu ni wa chai. Nafasi ikaachwa wazi hadi itakapojazwa.

Jumanne moja barabara ya Musaga ilifungwa kwa risasi. Wa mitaa mingine wenye redio walisikia, wakabaki nyumbani. Fadhila alikwenda. Alirudi alasiri bila beseni, kandambili moja mguuni, matope hadi kifuani. Alikuwa amelala mtaroni kwa saa nne.

"Mama, redio haikusema?"

"Ingesema, mwanangu. Iko kabatini inangoja barua."

"Kesho kutwa nitakwenda tena. Watoto watakula nini?"

Mimi ni mvumilivu. Lakini uvumilivu wangu ni wa maharage: kimya, na moto uko chini.

Nikamwendea Shefu, nikamwambia watu wanashangaa cheo kikubwa namna hii, cha kuzungusha, kukosa mwenyewe. Neno *cheo* likamwamsha. Alikuwa na shemeji asiye na kazi na mwepesi wa kukataa kila anayopewa, aliyewahi kuzungusha mashine ya kusaga nyama miaka sita. Kesho yake tangazo lilikuwa ukutani: "Anatafutwa Mzungushaji Mkuu. Awe na uzoefu wa kuzungusha usiopungua miaka mitatu. Atakayechaguliwa na wananchi hana ruhusa ya kukataa." Kashe mbili, na sinyatiri ya Shefu, saini yake mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala tukajaa uani mwa ofisi. Shemeji alisimama mbele, amevaa tai. Nikanyoosha mkono.

"Shefu, mi niko na mutu. Miaka tatu nafuata karatasi ya nyumba ya marehemu bwana yangu. Kila siku huyo mutu ananiambia: rudi kesho. Kama hiyo si kuzungusha, ni nini?"

Uwanja ukacheka, macho yote kwa Shefu mwenyewe. Shefu akasimama. "Bibi, ni kuzungusha redio!"

"Tangazo haikusema redio, Shefu."

"Ata mi!" akaita Cirimwami, fundi wa baiskeli. "Amenizungusha kwa kibali ya kibanda toka vita inaanza, na mukono haujachoka!"

Jaffar, mzee mpole, akakohoa. "Wallahi, nami pia. Hata kuzipokea hizi redio, alinizungusha."

Mikono ikapanda kama mahindi. Adrien akahesabu taratibu, kama mtu anayelamba asali. "Uzoefu umethibitishwa," akasema, akagonga kashe kabla Shefu hajafunga mdomo.

"Adrien! We uko upande ya nani?"

"Ya tangazo, Shefu. Iko na sinyatiri yako."

Sasa kila siku kabla ya saa kumi na mbili asubuhi watu wanakuja na vigoda vyao, na Mzungushaji Mkuu anafanya kazi. Fadhila anangoja, beseni jipya liko chini miguuni pake. Halipandi kichwani mpaka redio iseme.

Jana ilisema barabara ya Musaga imefungwa. Fadhila akafunua kitambaa, akawauzia maandazi wasikilizaji pale pale.

Shefu, jasho likimtoka, akaniegemea. "Bibi, si imetosha? Mukono imekufa."

Nikamtazama kwa huruma yote ya kamati.

"Ombi lako tumelipokea, Shefu. Zungusha tu. Jibu, rudi kesho."