Wageni Rasmi Watatu wa Ilula

Jumatatu, 5 Mei

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kuanzia leo mchana mimi, Lutengano Mwakyoma, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhusiano wa umma hapa chuoni Iringa, nina tai. Ya mtumba. Bluu. Ina vibata vidogo vya njano, lakini vinaonekana tu ukisogea karibu. Sina mpango wa kumruhusu mtu asogee karibu.

Tai imekuja kwa wakati. Asubuhi Dk. Philbert ametupa kazi ya mwisho. Sisi wa uhusiano tutafute mteja, tumwandalie tukio. Wenzetu wa habari waje, waandike, isomwe kwenye redio ya chuo, kila habari dakika moja. Habari isipotaja jina la mteja, amesema, hujafanya uhusiano, umefanya sherehe. Na aliyefanya sherehe asitafute joho mwezi wa kumi na moja.

Mimi joho nalihitaji. Mama, kule Uyole, Mbeya, ameshawatangazia kwaya nzima ya kanisani. Kwaya imeshashona sare ya kuja kwenye mahafali. Zambarau! Sare ikishashonwa, mtu hufeli vipi?

Waandishi tuligawiwa kwa kuokota karatasi. Nimemwokota Nusrat. Msichana huyu, kwao wana duka la vitambaa Mbeya mjini, tangu mwaka wa kwanza hajawahi kuandika kitu ambacho hakikutokea. Mwaka jana nilipogombea ukatibu mwenezi aliandika kwamba mkutano wangu ulihudhuriwa na watu wanne akiwemo mgombea. Ni kweli. Lakini mtu anaandika hivyo?

Jumanne, 6 Mei

Mteja amepatikana. Nimeteremka Ilula, kwa akina mama wanaouza nyanya barabarani. Kikundi kinaitwa Tuinuane. Mwenyekiti wao ni Mama Benedicta, mama mnene, sauti ya kusimamisha lori.

Nimeinama kumwamkia kwa adabu. Tai ikaingia kwenye ndoo ya kuoshea nyanya. Mama Benedicta akasema pole mwanangu, naona mabata yako yalikuwa na kiu. Amesogea karibu kabla sijamzuia.

Shida yao ameieleza kwa ufupi. Mabasi yanawapita, yanakwenda kusimama kwenye vibanda vya mbele, ambako wanapanga nyanya nzuri juu na mbovu chini. Wao Tuinuane hawapangi hivyo. Wanataka tu jina lisikike: Tuinuane, nyanya ya juu ndiyo ya chini. Basi.

Nimemwambia aniachie mimi. Akaniomba kitu kimoja: nisiweke shughuli saa za mabasi, kwa sababu basi likisimama kila mtu anakimbilia dirishani, hata awe anaombewa. Nimemjibu kwa upole kwamba akiwepo mgeni rasmi, watu hukaa. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara anasoma simu.

Alhamisi, 8 Mei

Mgeni rasmi! Ndiye kila kitu. Bila yeye hakuna tukio, kuna watu wamekaa. Lakini nchi hii mgeni rasmi haji. Hutuma mwakilishi. Mwakilishi naye hutuma udhuru. Nimehudhuria mahafali ya chekechea ambayo mgeni rasmi alikuwa dereva wa mgeni rasmi.

Usiku wa jana nimekaa na tatizo hili, na leo nimelimaliza. Nitaalika wageni rasmi watatu. Kila mmoja ataambiwa ni yeye peke yake. Wawili watapata udhuru, kama kawaida, mmoja atakuja. Sijui kwa nini mbinu hii haifundishwi darasani.

Shedrack, ninayekaa naye chumba kimoja, mtoto wa Idodi, ameuliza je wakija wote? Nikacheka. Akasema kwao Idodi wana mgeni wa kweli, tembo: hatumi mwakilishi, haji na hotuba, wala hagombei kiti. Nimemwambia alale.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepeleka mialiko mwenyewe, na tai.

Wa kwanza, Mzee Makame, mwenye duka la mbegu na madawa ya kilimo hapa mjini. Alisoma mwaliko mara mbili, akavua miwani, akaita wateja wausikie.

Wa pili, Mheshimiwa Jailos, diwani mstaafu. Alistaafu kwa kura nyingi sana, zote za mwenzake. Alinishika mkono hakuuachia. Akasema kijana, nilijua mtanikumbuka.

Wa tatu, Bi Asmaa, mwenye hoteli ya kulia abiria wa mabasi. Alimwita fundi wake wa nguo hapohapo.

Nimerudi na amani. Watu wenye shughuli nyingi kama hawa! Wawili hawatatokea.

Jumapili, 11 Mei

Bango limetoka. Zuri. Juu: TUINUANE, NYANYA YA JUU NDIYO YA CHINI. Katikati: MGENI RASMI, halafu nukta nyingi. Nitajaza kwa kalamu ya wino mzito nikishamwona aliyefika. Shedrack ameziangalia nukta zile muda mrefu. Amesema zimekaa kama watu wanaosubiri gari.

Kiti chenye mikono tumeazima parokiani Ilula, kipo kimoja, chekundu, kile anachokalia askofu akija. Mama Benedicta amekipigia simu yeye mwenyewe. Ninaandika kwa haraka: amempigia katibu wa parokia, sio kiti.

Nusrat ameniuliza mgeni rasmi ni nani, anataka kuandaa maswali. Nimemwambia ni mtu mkubwa. Akauliza mkubwa yupi. Nikasema itifaki hairuhusu. Akaandika. Huyu msichana anaandika hata kimya.

Hakuna udhuru wowote uliofika. Ni mapema.

Jumanne, 13 Mei

Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nitajitahidi kuwa mtulivu.

Wamekuja wote.

Mheshimiwa Jailos alifika kwanza, kabla hata turubai halijafungwa, na suti ya enzi zake za udiwani. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti chekundu, akakaa, akakivuta vizuri kama mtu aliyerudi kwake. Mzee Makame akafuata, kanzu nyeupe na koti, na kalamu ya wino mzito mfukoni. Aliziona nukta za bango, akapanda juu ya kreti, akaandika MAKAME kwa herufi kubwa. Nukta zilizobaki akaziwekea mstari. Halafu Bi Asmaa akateremka na baibui jipya lenye nakshi, na mpiga picha wake.

Watatu wakatazamana. Kisha wakanitazama. Nikaitazama tai.

Bi Asmaa aliuliza kwa sauti ya taratibu kabisa kama kile kiti kina mtu. Mheshimiwa akasema kina mgeni rasmi, dada. Mzee Makame akasema mgeni rasmi yupo kwenye bango, someni. Bi Asmaa akasema yeye hasomi maandishi yaliyoandikwa na mwenye jina. Mzee Makame akamwita mwanangu, kwa ile sauti ya kumkumbusha mtu umri. Bi Asmaa akamwita babu.

Nikaona niokoe kwa ratiba. Nikatangaza kwamba sasa tutasikia maneno machache. Nimkaribishe nani? Kosa. Kila mtu anajua mgeni rasmi huongea wa mwisho. Nikamwita Mheshimiwa, akasema hapana kijana, waanze wenzangu. Nikamwita Mzee Makame, akasema mkubwa huanza kusikiliza. Nikamwita Bi Asmaa, akasema yeye ana subira. Hotuba tatu zilizokunjwa, mikono mitatu imezishika, hakuna anayefungua. Akina mama wanatazama barabarani. Nusrat anaandika.

Mheshimiwa akainuka kidogo kurekebisha koti. Kidogo tu! Bi Asmaa akashika mkono mmoja wa kiti. Mzee Makame akashika wa pili, akisema anamsaidia mama kukisogeza. Mheshimiwa akakalia alichodhani ni kiti.

Wakati huohuo basi la Dar likapunguza mwendo. Sijui dereva aliona nini: turubai, bango, mwanamke wa baibui na mzee wa kanzu wanavuta kiti cha askofu huku na huku, na mtu wa suti yuko chini. Basi likasimama. Abiria wakashuka wote, simu mikononi. La pili likasimama nyuma yake. Mama Benedicta akapiga ukelele mmoja, haya wanawake, na hadhira yangu yote ikabeba ndoo ikaondoka.

Nikabaki na meza kuu. Nilifanya ambacho ofisa uhusiano yeyote angefanya. Niliwaapia mbele ya Nusrat kwamba habari itawataja wote watatu kama wageni rasmi, kwa majina kamili, vyeo vyote vya sasa na vya zamani, bila kuacha hata kimoja. Wakatulia. Mheshimiwa akaanza kuvihesabu vyake kwa vidole. Nusrat akaniuliza kaka Lutengano, una uhakika? Vyote? Nikasema vyote! Akasema haya, shahidi ni wewe.

Alikuwa na ule mdomo wa mtu anayeficha pipi.

Jumatano, 14 Mei

Nimeamka na nguvu mpya. Tulitazame jambo kitaalamu. Tukio lilifanyika. Wageni walifika, tena kwa wingi. Nusrat yupo, mteja yupo, redio ipo. Kiti kimerudishwa parokiani kikiwa na mikono yote, mmoja umelegea.

Mama Benedicta amepiga simu. Nilidhani ananigombeza. Amesema waliuza nyanya zote, hata zile za mboga ya nyumbani, abiria walinunua huku wanacheka, na leo madereva wawili wamesimama wenyewe wakiuliza leo kiti kipo? Akasema asante mwanangu, njoo uchukue zako. Nimemsikitikia. Hajasomea mambo haya, haelewi kwamba tukio liliharibika.

Mama naye alipiga. Kwaya inauliza Iringa mwezi wa kumi na moja kuna baridi, washone na sweta? Nimesema washone.

Alhamisi, 15 Mei

Tumekusanyika chumbani kusikiliza. Shedrack amekaza betri ya redio kwa gundi. Nusrat akasoma, sauti safi, haikutetemeka hata mahali pamoja:

“Mheshimiwa Jailos Kalinga, diwani mstaafu, mjumbe wa zamani wa kamati ya maji, mlezi wa timu ya mpira na katibu mstaafu wa chama cha wafuga nyuki, akiwa mgeni rasmi, pamoja na Mzee Makame Haji, mfanyabiashara wa pembejeo, mdhamini wa madrasa, mwenyekiti wa zamani wa kamati ya soko na mshauri wa wakulima, akiwa mgeni rasmi, pamoja na Bi Asmaa Said, mkurugenzi wa hoteli, mlezi wa akina mama na mshindi wa pili wa mapishi ya mkoa, akiwa mgeni rasmi, juzi walishiriki tukio la kuwatambulisha…”

Kengele. Dakika imekwisha. Hali ya hewa.

Shedrack akazima redio taratibu, kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeenda kwa Dk. Philbert na tai. Nikajenga hoja kwamba Tuinuane ilikuwa njiani kutajwa, ilikuwa neno linalofuata. Amesema hajawahi kumpa mtu alama kwa neno linalofuata. Nikasema wageni wamefurahi. Akaniuliza wateja wangu ni wageni? Nikasema swali hilo ni gumu. Akasema halikuwa gumu kwa wenzangu.

Nimefeli. Nitarudia kazi mwezi wa tisa. Nikipita, nahitimu na wenzangu. Nisipopita, kuna watu wa kwaya wenye sare ya zambarau na sweta zake.

Nusrat amepata alama ya juu darasani. Kwa usahihi. Nilimkuta kantini nikamwambia ameniua. Akasema yeye aliuliza mara mbili. Halafu, bila kuombwa, akaniambia mwezi wa tisa niache mgeni rasmi kabisa, nimpe Mama Benedicta kipaza sauti, sentensi moja tu, yeye atakuja kuiandika bure. Nimemshukuru kwa ubaridi. Mtu mwenye alama zile anapenda kushauri.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetumia siku mbili kuchambua kosa lilikuwa wapi, bila jazba, kama tunavyofundishwa. Nimelipata.

Watatu ni idadi mbaya. Hawagawanyiki. Wawili wakishikana, wa tatu anaanguka chini, nimeona kwa macho yangu. Wangekuwa wanne, wangekaa wawiliwawili, kila upande unamheshimu mwenzake. Na wakiwa wanne, uwezekano wa wote kuja ni mdogo zaidi. Hesabu tu.

Kwa hiyo leo nimezunguka tena, na tai, imefuliwa, mabata yamefifia, sasa hata ukisogea huyaoni. Mzee Makame, Mheshimiwa, Bi Asmaa. Nimemwongeza Mchungaji Mika, ambaye ana vyeo vichache. Kila mmoja nimemwambia kwamba safari hii ni yeye peke yake.

Nimempigia Mama Benedicta kumweleza mkakati. Akauliza kama itakuwa saa ya basi la Dar. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri sana mwanangu, usibadilishe kitu.

Hatimaye amenielewa!

Jioni majibu yamefika. Wote wanne wanakuja. Kiti chenye mikono ni kilekile kimoja.