Kinamasi cha Kipngeno

Jumapili, 6 Julai
Jirani yangu Kipngeno amemwaga mawe na mchanga. Anajenga hoteli, ubavuni kabisa mwa kibanda changu cha chai. Kitale yote hii, na hakuona pengine. Kanisani alitangaza ati ni baraka. Nikasema amina. Kwa sauti, watu wasikie.

Jumatano, 9 Julai
Baraza kwa chifu. Afisa wa mazingira, Bi. Jepchirchir, alieleza kuwa ni marufuku kujenga penye kinamasi. Akainua mmea mdogo unaotambaa, majani ya duara kama sarafu. Huu ukiota mahali, alisema, jueni hapo ni pa maji. Wenzangu walisinzia. Mimi niliutazama kama mchumba.
Umejaa kando ya bwawa, nyuma ya kibanda changu. Mungu hamtupi mja wake.

Jumapili, 13 Julai
Nilimwambia mke wangu Nabwile kwamba tumbo linanisumbua. Akaenda kanisani peke yake. Kipngeno pia alienda. Ni mzee wa kanisa, mtakatifu sana. Nikang'oa mapande ya ule mmea, nikayapanda kwenye ploti yake. Usije ukafa, nikachimba mtaro mdogo kutoka bwawani. Kazi safi. Nabwile aliporudi aliuliza mgonjwa wa tumbo amepata wapi matope ya magotini. Nikamwomba aniombee.

Jumamosi, 26 Julai
Mvua imenisaidia. Ploti ya Kipngeno ni kijani, inateleza, vyura wamehamia. Mafundi wamesimamisha kazi. Alikuja kunywa chai, akalalamika kwamba haelewi maji yanatoka wapi. Nikampa pole, na andazi la jana. Alipoondoka nikampigia afisa simu. Jina sikutaja. Sipendi sifa.

Jumanne, 29 Julai
Afisa alikuja. Nilisimama karibu, nikiwa na uso wa msiba. Aliinama, akashika shina moja, akalifuata. Likampeleka kwenye mtaro. Mtaro ukampeleka kwangu, mpaka nyuma ya kibanda, ambako mmea umetanda kama zulia.
"Mama, hapa ni kwa nani?" akamwuliza Nabwile.
"Kwa mume wangu, Baba Edinah," akajibu. "Hata huo mtaro ni wake. Alichimba ile siku alikuwa mgonjwa."
Ndiyo faida ya kuoa mtu mkweli.
Afisa akaamua: kwa Kipngeno ni pakavu, mtaro uzibwe tu. Kinamasi ni kwangu. Kibanda kikapigwa X nyekundu.

Jumamosi, 2 Agosti
Kimebomolewa. Kibanda kilichomsomesha Edinah wetu, sasa ni rundo la mabati. Nabwile alibeba sufuria moja moja. Nilikaa juu ya debe. Koo lilikauka, na chai hakuna.
Jioni Kipngeno alikuja. Nikajiandaa kutukanwa.
"Jirani, chukua ile kona ya ploti yangu, uweke kibanda," alisema. "Hoteli si itahitaji mtu wa chai, bana."
Nabwile akalia. Mimi nikamshika Kipngeno mkono kwa mikono yangu yote miwili. Akapiga vigingi vinne kunionyesha mpaka, akaenda zake.
Vigingi vyenyewe amevigonga kijuujuu. Viwili nimeshavisogeza. Kidogo tu. Mtu wa roho kubwa vile hawezi kuanza kupimapima.