Landrova Haivutwi, Inabebwa

Mwishehe hakuwahi kumiliki hata tairi la spea, lakini Temeke, kwa mzee Mbwana, baba yake Zuena, alijulikana ana gari. Aliipata kwa mdomo. Siku alipoulizwa posa ataileta vipi, alijibu bila kukohoa, "Nitakuja na gari yangu, mzee."

"Haya," mzee Mbwana akasema. "Jumamosi kabla ya adhuhuri tutaiona. Usipokuja nayo, usije kabisa. Waongo kwenye ukoo huu tunao wa kutosha."

Ilikuwa tayari Jumatano, na gari bado iko mdomoni.

Basi yuko Sinza, anapita nje ya duka la vifaa vya ujenzi la mama Rubabbai, ndipo akasikia stata inalia uani: nyee, nyee, nyee, halafu tak. Mwishehe akasimama kama mtu aliyeitwa jina. Akachungulia getini. Landrova, one-ten ya zamani, ya kijani, mbele winchi ya kujivuta ikinasa, tairi zimevimba kama mashavu ya mpuliza tarumbeta. Ndani yake mama Rubabbai mwenyewe, mjane, miwani iko ncha ya pua, anautukana usukani kwa Kikachi, lugha ya kwao.

"Shikamoo mama."

"Marhaba. Duka liko mbele."

"Sikuja dukani. Nimesikia mgonjwa analia."

Mama akamwangalia, akaona walau huyu ana masikio. Akamweleza ishu yenyewe. Winchi inakunywa umeme kama ngamia, na nyaya za betri za kununua ni nyembamba kama tambi, zinachemka tu. Mwezi ujao anataka kwenda porini, kama alivyokuwa akienda na marehemu mumewe, na hataki kulala matopeni. Anataka nyaya nene, za kutengenezwa kwa mkono.

"Nyie mnanunua nyaya, sie tunazitengeneza," Mwishehe akasema. "Unachukua waya wa mashine ya welding, shaba tupu, mnene kama kidole gumba. Kila ncha unaibana kichwa cha shaba, kiume kabisa, unaivalisha mpira. Ukiwasha, gari inaitika kabla hujaiita."

Hapa tumtendee haki kijana wetu: yote aliyosema ni kweli. Nyaya anazijua kweli kweli. Ugonjwa wake ni mmoja tu, kazi ya halali inamtiaga usingizi.

Mama Rubabbai akamkatia waya kutoka dukani kwake, akampa na vichwa. Mwishehe akaomba pia kipande cha mpira wa maji, kamba ya katani, na kopo dogo la rangi ya shaba.

"Katani ya nini?"

"Ya kufungia, nyaya zisicheze."

"Na rangi?"

"Urembo, mama. Gari kama hii haiendi porini bila urembo."

Mama akamtazama kwa juu ya miwani, akampa.

Mwishehe akaenda kutengeneza nyaya jozi mbili. Ya kwanza ya shaba yenyewe, imebanwa ikabanika, nzuri mpaka akaipiga picha akaiweka status. Ya pili ni katani iliyochomekwa ndani ya mpira wa maji, ncha zimepakwa rangi. Jozi ya shaba akaificha kwenye begi. Ya katani akaenda kuifunga kwenye Landrova, akapangusa mikono, akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata ile tak haikuwepo.

Mwishehe akalaza sikio juu ya boneti, akafumba macho. Akavua kofia.

"Mama, kaa kwanza."

"Sema tu."

"Nyaya mpya, nene, hazina kosa. Nyaya zikiwa nzima na gari haiitiki, mama yangu, hapo hakuna cha kuficha. Gari imekufa."

"Imekufa, kufa?"

"Kabisa. Mie nimezoea kuona, lakini hii imeniuma." Akajifuta jicho ambalo halikuwa na kitu. "Sitakuachia mzigo. Jumamosi asubuhi nakuja kuivuta bure, niipeleke mbali, usiwe unaiona ukaumia."

Mama Rubabbai akashika waya mmoja, akanusa vidole vyake.

"Sawa. Ila useme mbele ya majirani. Wasije kusema nimegawa gari ya marehemu ikiwa nzima."

Jumamosi Mwishehe akatokea na kanzu, koti, begi lake, na bajaji ya kukodi yenye kamba nyuma. Mpango mwepesi: avute mpaka kona tu, pale abadili nyaya, aelekee Temeke kama mwenye nchi. Kuingia uani akakuta turubai limefungwa, viti vya plastiki, birika la chai, na majirani wamekaa wameshika tama.

"Waambie," mama Rubabbai akasema.

Mwishehe akawageukia. "Jamani, Landrova hii imekufa."

Majirani wakaguna kwa masikitiko.

"Na mie nampa Mwishehe maiti hii," mama akasema. "Maiti. Mmesikia?"

"Tumesikia."

Mwishehe akakimbilia kufunga kamba kwenye bampa.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Naivuta."

"Maiti inavutwa barabarani kama mbuzi? Inabebwa, baba. Mabegani."

"Mama kasema kweli," akadakia Allen, muuza chipsi wa pembeni. "Haivutwi hiyo. Tutabeba."

Wanaume wakasimama, wengine ndiyo kwanza wanakunja mikono ya shati. Wakashika huku na huku, Mwishehe katikati na kanzu yake. Wakanyanyua. Landrova haikusogea hata unywele. Kilichosogea ni suruali ya Allen, ikapasuka nyuma. Simu ya Mwishehe ikaita.

"Uko wapi?" Zuena huyo. "Baba yupo mlangoni anaangalia barabara."

"Niko njiani."

"Njia gani ya watu wanahesabu moja mbili tatu?"

Mwishehe akakata simu. Jua linapanda, mzee Mbwana yuko mlangoni, na wabebaji wanaomba maji. Mwishehe akawaza: kwani naogopa nini? Gari nimeshapewa, na mashahidi wote hawa. Akafungua begi, akang'oa katani akaitupa chini, akafunga shaba, akabana, akarukia usukani.

Landrova ikanguruma mpaka turubai likatikisika na birika likapiga magoti.

"Imefufuka," akasema bibi mmoja wa nyuma, taratibu tu, kama aliyekuwa anaisubiri.

Mama Rubabbai akasogea dirishani, akanyoosha mkono apewe usukani. "Asante, fundi. Shuka."

"Nishuke wapi? Si umenipa mbele ya watu?"

Mama akageukia turubai. "Jamani, nilimpa nini?"

"Maiti," wakajibu kwa pamoja.

"Na hii ni maiti?"

"Nzima hiyo."

"Basi maiti yako ukiiona, Mwishehe, ichukue. Hii inayonguruma sikukupa." Akaokota jozi ya katani chini, akaipunga. "Kamba hizi nauza toka hujazaliwa. Umezipaka rangi, harufu ya gunia umeiacha."

Mwishehe akashuka, na hapo maneno yakamwishia kwa mara ya kwanza maishani. Akabaki na ukweli tu, akautoa wote: Zuena, posa, mzee mlangoni. Mama Rubabbai akacheka mpaka akavua miwani.

"Panda. Lakini nyuma, na mizigo."

Temeke, mzee Mbwana aliona Landrova inaingia, mwanamke kwenye usukani, mkwe mtarajiwa anashuka nyuma na vumbi la saruji kwenye kanzu.

"Gari yako hiyo?"

Mwishehe akafungua mdomo, mama Rubabbai akamuwahi. "Gari ni yangu. Nyaya ndiyo kazi yake. Fungua boneti uone."

Mzee akaona, akazishika, akazitikisa. Hazikutikisika.

"Umetengeneza wewe?"

Lilikuwa swali ambalo jibu lake la kweli lilikuwa na faida, na Mwishehe alikuwa hajazoea. "Mie, mzee."

"Kumbe una kazi. Si ungesema, kuliko kuniletea habari za gari." Mzee akamshika bega. "Njoo huku nyuma, nina pikapu yangu imekufa..."

"Mzee, naomba tusilitumie neno hilo."

Landrova ikageuza. Mama Rubabbai akarusha ile jozi ya katani dirishani, ikatua miguuni kwa mzee Mbwana, akaiokota.

"Na hizi?"

"Kamba za kuanikia, mzee."

"Zina rangi ya shaba?"

"Za kuanikia nguo za harusi."

Nyuma ya pazia Zuena akasikika anacheka. Mzee Mbwana akaviangalia vidole vyake vilivyobaki na rangi, akamwangalia Mwishehe, akamwambia avue koti. Mpaka magharibi mposaji alikuwa chini ya pikapu na kanzu yake nyeupe, anafanya kazi, na usingizi hakuupata.