Mtani na Mandolini ya Kijapani

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Baridi kali. Upepo wa vumbi. Lakini moyoni kuna joto, maana mpango umekamilika!

Jumamosi wanaanua matanga ya marehemu Ezéchiel, fundi cherehani wa mtaa wetu wa Jeppestown, Mbembe wa Baraka kule Kongo. Mwaka mmoja kamili tangu afariki. Baada ya sala vitu vyake vitagawanywa. Mimi sitaki koti. Sitaki viatu. Nataka mandolini.

Na mandolini gani! Suzuki ya Nagoya, Japani, mwaka 1967. Karatasi imebandikwa ndani, unaisoma kupitia tundu la sauti. (Gustave, mpiga gitaa wa kanisani, huwaambia watu imetengenezwa na wale wa pikipiki. Si wale! Ni kampuni nyingine kabisa, ya mafundi wa fidla. Na mtu huyu ndiye anayetaka kuirithi!) Mgongo wa mviringo kama nusu papai, vipande vyembamba vya mti wa rangi ya damu ya mzee vimeunganishwa hata ukucha hauoni pa kuingia. Shingo imenyooka baada ya miaka thelathini na mitano. Shingo yangu mimi imeshapinda.

Ezéchiel aliniachia niipige dakika kumi kila Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya. Kwa dakika kumi hizo sikuwa mlinzi wa duka la samani. Nilikuwa mtu. Mwaka mzima sasa imefungiwa kabatini kwa mjane, Mama Thérèse, na hakuna aliyeisikia.

Gustave amesema wazi akiipata ataitoboa kwa drili aweke maiki ya umeme. Drili! Sitalala.

Jumanne, 6 Agosti

Nimetangaza utani.

Hoja yangu: mimi ni Mluguru wa Morogoro. Wanyamwezi ni watani wetu. Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka ziwani na kuvuka kwa Wabembe. Kwa hiyo Wabembe ni watani wa watani wetu. Na mtani, kwenye msiba, ana ruhusa ya kunyakua kitu cha marehemu mbele ya watu wote na hakuna wa kumkasirikia! Wakongo hawa hawaijui mila yetu. Hawana pa kunikamatia.

Nilimweleza Mama Thérèse nikiwa nimevaa tai. Alinisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni. Akauliza kama mtani pia ana kazi za kufanya msibani. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, mtani ndiye huchimba, hupika, huosha, hufagia.

Akasema karibu sana. Masufuria yako uani.

Jumatano, 7 Agosti

Masufuria kumi na moja. Kila moja lingetosha kupikia ng'ombe mzima. Bomba la uani lilikuwa limeganda asubuhi, maji nikayachota kwa jirani. Vidole havina hisia. Vidole vya mpiga mandolini!

Gustave alikuja, akakaa kwenye kiti, akanywa chai ya maziwa. Akauliza kwa upole kama chini ya lile kubwa nimefika.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu, Lerato. Yeye ni mtoto wa Soweto, lakini alikulia uhamishoni kwetu Morogoro, mila zetu anazijua kuliko shangazi zangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Eish, Fabi, akasema, na ukishanyakua, halafu? Nikamwambia halafu ni yangu. Akasema sawa.

Ni raha kuwa na mke anayekuelewa.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya.

Mandolini imetolewa kabatini, imewekwa mezani chini ya picha ya marehemu. Niliiona kupitia dirisha nikiwa na ufagio. Jua liliipiga tumboni, mbao zimekuwa rangi ya asali. Nilisimama. Mzee mmoja wa duka la ala zilizotumika aliwahi kunieleza: wapigaji wanazitaka hizi kwa sababu mbao zimekauka na sauti imefunguka, na wakusanyaji kwa sababu mafundi wa Japani walizitengeneza kwa ajili ya bendi za wanafunzi, na bado wakazitengeneza kama za harusi ya mfalme. Akasema anayezijua haziuzi. Nilimwamini zamani, lakini leo niliona kwa macho.

Ndipo nikapata wazo. Nikilegeza nyuzi zote, Gustave akiijaribu ataisikia bubu, atakata tamaa. Mama Thérèse alikuwa jikoni. Nikaingia, nikalegeza. Sekunde chache tu! Kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi, sisi tunakiita daraja, kikaanguka. Kawaida. Kwenye mandolini hakibandikwi, kinashikiliwa na nyuzi zenyewe. Nikasikia viatu, nikakimbilia ufagio wangu.

Alikuwa Gustave. Akaona daraja limelala. Kwenye gitaa lake daraja limegundishwa, basi akajua imevunjika. Akasikitika kweli, nakiri. Akatoka mbio mpaka spaza, kile kiduka cha kona. Akarudi na supagluu!

Alikuwa ameshafungua kifuniko niliporuka. Nililia kama mbuzi. Tulianguka wote wawili juu ya zulia la Mama Thérèse, na supagluu ikanimwagikia kwenye suruali, ambayo kwa sasa siwezi kuivua kikamilifu.

Mama Thérèse akasimama mlangoni. Nikaungama. Nusu. Nikasema nilikuwa nazipumzisha nyuzi. Akaniambia niirudishe kama ilivyokuwa. Nikaweka daraja, nikakaza. Akasema bado, sogeza. Nikasogeza. Akasema hapana, nyuma kidogo, kama unene wa ukucha. Nikasogeza, na ikakaa sawasawa. Wajane hubahatisha.

Gustave ameniomba radhi. Sikuipokea.

Ijumaa, 9 Agosti

Sikukuu ya nchi hii, Siku ya Wanawake. Wanawake wamekaa. Mimi nimebeba viti sitini kutoka kanisani, nimemenya vitunguu, nimechambua sombe, kisamvu cha Wakongo, hadi kijani kikaingia kwenye kucha. Lerato alifika akakaa na Mama Thérèse, wakanong'ona kwa muda mrefu. Nadhani anamfariji. Wote wawili walinitazama, wakafunika midomo.

Kesho!

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Sala. Nyimbo. Mama Thérèse akavua nguo nyeusi, akavishwa kitenge cha njano. Makoti yakagawanywa. Gustave akakohoa, akapiga hatua moja kuelekea mezani. Mimi nikapiga sita. Nikainyakua! Nikapaza sauti kwamba mimi mtani wa marehemu nimechukua changu na asiyetaka aende akalalamike Unyamwezini!

Nilikuwa nimeikumbatia. Nyepesi kama mtoto mchanga. Ilinukia mbao na sabuni ya kufulia. Sijawahi kuwa na furaha namna ile nikiwa nimevaa suruali iliyobanduliwa kwa kisu.

Mama Thérèse hakukasirika. Akamwita Lerato. Lerato akatoka jikoni na kuku, jike jekundu, mguu mmoja umepinda. Hai. Akaja mpaka mbele yangu, akatangaza kwa Kiswahili cha Morogoro kisicho na kasoro kwamba kwa mila za Waluguru alichonyakua mtani hukombolewa na wafiwa, na mtani aliyeletewa kuku hana ruhusa ya kukataa.

Ni kweli. Ndiyo mila. Bibi yangu angenichapa ningebisha. Nikatoa mandolini, nikapokea kuku. Watu wakapiga vigelegele. Gustave alipiga makofi mengi kuliko wote.

Akanyoosha mikono apewe yeye. Mama Thérèse akampita. Akakaa kwenye kigoda cha cherehani, akaiweka mapajani, akaipiga.

Mungu wangu. Nyuzi mbili mbili zikitetemeka pamoja, sauti nyembamba isiyokatika, inapanda, inashuka, inarudi. Ezéchiel alikuwa akipiga vizuri. Huyu alikuwa akipiga kile ambacho Ezéchiel alikuwa anajaribu kukipiga. Ukumbi mzima ukasahau pilau.

Alipomaliza alieleza. Alifundishwa na masista kule Uvira akiwa msichana. Mandolini aliinunua yeye, duka la rehani, mwaka 1996, kwa mshahara wake wa kushona sare. Mume ndiye alikuwa mwanafunzi. Haikuwa mali ya urithi hata siku moja. Kwao mjane hagusi ala mpaka matanga yaishe, ndiyo maana ilikaa kabatini. Mwaka mzima akiisikiliza ikinyamaza.

Gustave akauliza kwa nini hakusema.

"Hakuna mutu aliniulizaka," akasema.

Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia mbele ya Gustave, nikiwa na kuku kwapani, na kuku naye alitulia.

Jumapili, 11 Agosti

Mama Thérèse amenipa ujumbe kupitia Lerato. Anayetaka kuipiga aje Alhamisi, aombe tu, atapewa dakika zake kumi, hata zaidi. Ameshamwambia na Gustave.

Kuomba! Mtu yeyote anaweza kuomba. Gustave anaweza kuomba.

Nimefikiri tangu ibada. Mandolini ilikombolewa kwa kuku. Basi kuku akirudishwa, ukombozi umefutika na mandolini inarudi kwa mtani! Mila ni mila. Nilienda jikoni kumchukua.

Lerato alikuwa ameshamchinja. Ana vitunguu na nyanya. Ni mtamu sana, sikatai, nimekula mapaja yote mawili.

Kesho nikitoka kazini nakwenda sokoni. Jike jekundu. Mguu nitaupinda mwenyewe.