Saladi, Nguva na Ukuta wa Mama Mkwe

Alhamisi, 15 Januari

Baridi imeingia! Nyasi zote nyeupe kwa barafu. Mji mzima wa Crystal River unanung'unika isipokuwa mimi. Baridi ikibana, nguva hukimbilia chemchemi zetu zenye maji vuguvugu, na Jumamosi tunakwenda kuogelea nao. Ni zawadi yetu kwa mama mkwe, Bi Earlene. Amezaliwa hapahapa, anatimiza miaka themanini, na hajawahi kuingia majini. Anaogopa.

Safari hii picha ni yangu. Kila nikila kwa mama mkwe natazamana na picha ya shemeji yangu Clayton ukutani juu ya televisheni, kwenye fremu ya dhahabu, nguva kambusu miwani ya kuogelea. Mimi niliyemwezekea mama paa baada ya kimbunga, sina hata picha ya kitambulisho kwenye ukuta ule. Inauma, jamani.

Ijumaa, 16 Januari

Dawa imepatikana. Saladi! Nguva anatafuna majani kutwa. Nimenunua fungu kubwa, nikalificha kwenye friji nyuma ya bia.

Mke wangu Rhonda kaliona. Eti tangu lini nala majani? Nikasema daktari kaniagiza. Akafurahi mpaka akanibusu, kisha akanipakulia nusu ya fungu kwa chakula cha usiku, bila nyama. Clayton alikuwepo, akitafuna mbavu za kuchoma mbele yangu na kunipongeza kwa kujali afya. Mshenzi!

Iliyobaki inatosha.

Jumamosi, 17 Januari

Alfajiri, botini. Nahodha Trudy akatupa masharti: usiguse, usifukuze, usipige mateke, elea tu kama gogo. Na atakayempa nguva saladi, akasema akinitazama mimi (kwa nini mimi?), atajieleza mahakamani.

Saladi ilikuwa tumboni tayari, ndani ya suti ya mpira. Baridi yake, mama yangu! Clayton akauliza mbona kitambi changu leo kinalia kwachakwacha. Nikamwambia atazame ndege. Walikuwepo kweli: mwari wamejipanga gatini, tai mwenye kichwa cheupe juu ya msonobari. Fisimaji naye akapita na samaki mdomoni. Mama mkwe akawa anapiga makofi.

Tukaingia. Nguva tele, wamelala chini kama magunia ya viazi! Mama mkwe akabaki karibu na ngazi ya boti, kakumbatia boya. Mimi nikajitenga, nikashusha zipu kidogo, jani moja likachungulia shingoni.

Kitu kikanigusa. Ndiye huyo, mpenzi wangu! Kikaning'ata sikio.

Mamba! Nikapiga yowe ndani ya mrija wa kupumulia, na mateke yote yaliyokatazwa. Tope likatimka, zipu ikaachia, saladi ikaelea kila mahali.

Alikuwa kobe wa majini. Kobe mwenyewe saizi ya sahani.

Mzee anayelinda nguva kwa kayaki, kimtumbwi chake chembamba, akapuliza filimbi. Trudy, aliyekuwa majini na kamera, akaniita kwa majina yangu yote, Delbert Roy Pruitt, panda botini sasa hivi! Nguva nao wakanikimbia. Wakaenda wapi? Kwa mama mkwe, ambaye kwa woga alikuwa hata kope hapepesi. Mmoja akaja na mtoto wake, wakasimama usoni pake. Nikiwa ngazini nilitokwa na machozi. Ya baridi.

Alipopanda alikuwa analia na kucheka. Kumbe ni wapole hivi, akasema, miaka yote hii nilikuwa naogopa nini?

Mimi nikaokota majani kwa wavu, Clayton akinionyesha yaliyobaki.

Jumatatu, 19 Januari

Chakula kwa mama mkwe. Fremu imebadilishwa! Clayton kahamishiwa chooni. Juu ya televisheni ni picha aliyopiga Trudy: mama mkwe na nguva, pua kwa pua. Nyuma yao, wazi kabisa, makalio yangu yakipanda ngazi, na jani la saladi linaning'inia.

Rhonda akashauri nikatwe pichani. Mama mkwe akakataa katakata. Bila huyu mkwe wangu chizi, akasema, nguva wangenijia saa ngapi? Clayton hakumaliza mkate wake wa mahindi.

Nipo ukutani! Mwakani lazima nitoke uso. Na nimeyakumbuka vizuri maneno ya Trudy. Alisema saladi. Kabichi hakuitaja.